Shajara ya kijitabu cha korti: kulitafuta neno la kupunguziwa adhabu

Shajara hii inafuata kijitabu tunachokiandaa hapa Eastlands, Nairobi, kwa watu wenye jamaa aliye kortini. Kina kurasa 16, zote za Kiswahili. Sehemu nyingi ziliandikika bila shida: dhamana, rumande, kutajwa kwa kesi, rufaa. Kilichotukalia ni kile kipande cha baada ya mtu kupatikana na hatia, pale anapopewa nafasi ya kueleza yanayoweza kumpunguzia adhabu. Naandika ili anayetaka kufanya kazi kama hii Mombasa, Kisumu au Nakuru aanzie tulipofika sisi. Kijitabu chenyewe ni ruhusa kukinakili.

Februari 8, 2025: Tulipoanzia

Tuko wanne: mkalimani wa korti aliyestaafu, ambaye sote tunamwita Mzee, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili, dada mmoja msaidizi wa kisheria, ambaye siku nyingi utampata nje ya korti akiwaelekeza watu, na mimi ninayeandika. Tunakutana Jumamosi katika maktaba ya Makadara.

Msingi wa kisheria haukutusumbua. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, sehemu ya 198, inaruhusu korti za mahakimu kutumia Kiingereza au Kiswahili. Halafu sehemu ya 216, kwa korti hizo, na ya 329, kwa Mahakama Kuu, zinairuhusu korti kupokea ushahidi wa kuisaidia kujua adhabu ipi inafaa kabla haijaitoa. Kipande chetu kinakaa hapo.

Hatua hiyo mawakili wa Nairobi huiita mitigation, hata wakiwa katikati ya sentensi ya Kiswahili. Neno hilo halimsaidii mtu aliyesimama kizimbani. Tuliandika ubaoni yote tuliyowahi kuyasikia mahali pake: kujitetea, kuomba huruma, kuomba msamaha, kutoa udhuru, kuhafifisha kosa. Tulikubaliana kuanza na "kujitetea" kwa sababu ndilo linalotumika zaidi.

Februari 22: "Kujitetea" limekataa

Tulitoa rasimu ya kurasa nne, tukawapa wakazi wa Jericho na Maringo waisome kwa sauti mbele yetu. Sharti ni moja: msomaji haelezwi kitu. Anasoma, kisha anatuambia yeye angefanya nini. Mbinu hii naisisitiza kuliko nyingine zote, kwa sababu ukimuuliza mtu kama ameelewa, atakuambia ameelewa.

Mama mmoja anayeuza mboga alisoma polepole, kidole kikifuata mstari: "Ukipatikana na hatia utapewa nafasi ya kujitetea kabla ya hukumu." Akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Lakini si alishajitetea? Mashahidi wake si walishakuja?"

Mzee akamuuliza, "Sasa mama, ungekuwa wewe uko pale, ungesema nini?"

"Ningesema sikufanya. Ningewaambia wawarudishe wale mashahidi."

Wasomaji waliofuata walijibu karibu vivyo hivyo. Mzee hakushangaa. Anasema katika miaka yake ya kazi aliona watu wengi wakizitumia dakika zile kuifungua kesi upya, huku hakimu akibaki na karatasi isiyo na umri wa mtu, wala watoto wake, wala kazi yake, wala kwamba hajawahi kushtakiwa maishani.

Kasoro iko ndani ya kitenzi. *Teta* ni kugombana kwa maneno. *Tetea* ni kugombana kwa ajili ya mtu, na *jitetea* ni kujigombania mwenyewe. Wakati kesi inaendelea, hilo ndilo linalotakiwa. Uamuzi ukishatoka, mtu aliyeambiwa ajitetee ataugombania uamuzi, na hawezi kulaumiwa kwa hilo, maana amefanya alichoambiwa.

"Hukumu" nalo lilituangusha katika mstari ule ule. Kwetu neno hili lina maana mbili: uamuzi kwamba una hatia, na adhabu unayopewa. Msomaji wa "kabla ya hukumu" hana njia ya kujua ni ipi. Tumeliondoa kijitabu kizima. Sasa tunaandika "uamuzi" kwa la kwanza na "adhabu" kwa la pili, na "hukumu" limebaki mahali pamoja tu, tunapoeleza kwamba atalisikia kortini kwa maana zote mbili. Kwa anayenakili kazi hii: anza na marekebisho haya, yana faida hata kama hutatumia mengine.

Machi 8: Udhuru, na jirani yake kisingizio

Mwalimu alitaka tujaribu "udhuru", na hoja yake ilikuwa nzito. Neno lina asili ya Kiarabu, udhr, yaani sababu ya kweli inayomwondolea mtu lawama. Hivi sasa tuko Ramadhani, na mfano uko wazi: mgonjwa na msafiri wanaofungua wana udhuru. Siku watazilipa baadaye, lakini hakuna wa kuwanyooshea kidole.

Kwenye majaribio lilianguka kwa sababu ambayo mwalimu mwenyewe huifundisha darasani. Katika kumbukumbu za mkutano kuna waliohudhuria, waliotuma udhuru, na waliokosa bila udhuru. Kila mwanachama wa chama Nairobi analijua neno kwa njia hiyo. Kijana mmoja wa Maringo alisoma "mweleze hakimu udhuru wako" akasema maana yake ni kumpigia simu karani umwambie leo hutafika kortini. Jibu hilo lingemtia mtu matatani zaidi.

Kulikuwa na kasoro nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Udhuru ukikubaliwa, lawama huondoka yote. Hatua yetu si ya kuondoa lawama. Hatia imeshaamuliwa, na kinachotafutwa ni kuipunguza adhabu ifikie kimo chake cha haki. Dada alitukumbusha kwamba sheria nayo inatenganisha mambo haya. Kanuni ya Adhabu, sehemu ya 207, inasema aliyeua akiwa amechokozwa ghafla, kabla hasira hazijatulia, ana hatia ya kuua bila kukusudia, si ya mauaji. Hapo kosa lenyewe limebadilika jina, na hoja hiyo hutolewa wakati kesi inasikizwa. Anayeisubiri hadi wakati wa adhabu amechelewa. Tumeiwekea onyo ndani ya kisanduku chenye mstari mnene.

"Kisingizio" tuliliingiza kwa ajili ya kuonya tu, lakini limetufunza jambo. Linatokana na *singizia*, kumzulia mtu jambo asilolitenda. Kwa hiyo anayetoa kisingizio anakitwika kitu kingine kosa: foleni ya Jogoo Road, marafiki, pombe. Msomaji mmoja aliuliza kama kusema "nilikuwa nimelewa" kunasaidia. Tumejibu ndani ya kijitabu kwamba kulitaja jambo la kweli lililokuzunguka si kosa, lakini kulibebesha lawama yako yote ni kumwambia hakimu kwamba wewe hukuwepo.

Machi 15: Majengo, baada ya tarawehe

Neno "shufaa", yaani maombezi, lililetwa na Mzee, naye alitaka tulichunguze kwa mtu anayelijua kwa ndani. Tulikwenda Majengo, Pumwani, kwa ustadh mmoja anayefundisha madrasa. Tulimsubiri hadi tarawehe, sala ya usiku ya Ramadhani, ikaisha, tukaketi barazani kwake na kahawa chungu.

Mzee alimweleza kazi yetu, akamuuliza shufaa ni nini hasa. Ustadh hakuanza na maana. Alianza na sala aliyotoka kuisali.

"Mzee wangu, baada ya tarawehe tumesali rakaa mbili, tukatoa salamu, kisha tukasali moja. Ile moja ni witri. Zile mbili je?"

"Shufwa."

"Ndiyo hiyo hiyo. Witri ni kilicho peke yake. Shufwa ni kilichopata mwenzake. Anayekuombea shufaa amekuja kusimama pembeni yako, ulikuwa mmoja, sasa mko wawili."

Mwalimu alikuwa akiandika haraka. Waliosoma hesabu kwa Kiswahili wanazijua namba shufwa, 2, 4, 6, na namba witiri, 1, 3, 5, ila sikuwa nimewahi kusikia mtu akiliunganisha hilo na kumwombea mkosaji. Mzizi ni mmoja. Mwombaji wa shufaa hasemi kwamba mwenzake hakukosa. Waislamu wanaotumaini shufaa ya Mtume Siku ya Kiyama wanaitumaini kwa sababu wanajua wana makosa.

Tulitoka pale tukiwa tumeamua kwamba neno limepatikana.

Machi 29: Shufaa mtaani

Halikufaulu kama kichwa cha ukurasa. Wasomaji Waislamu walilijua mara moja. Wengine wengi hawakuwahi kulisikia, na wachache waliolisikia walilijua kutoka hospitalini, katika "tiba shufaa", matunzo ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi lakini maumivu yake yanaweza kutulizwa. Binti mmoja aliyemuuguza nyanya yake alidhani ukurasa unahusu wafungwa wagonjwa.

Na hata kwa aliyelielewa, neno lilimpeleka upande mmoja tu. Shufaa huombwa na mwingine kwa niaba yako, ilhali wengi wanaosimama pale korti za mahakimu hawana wakili, na hakimu anawauliza wao wenyewe.

Hatukulitupa. Tumeliweka kando.

Aprili 5: Wenye Kiingereza walilitoa wapi

Mwalimu alipendekeza tuangalie pia maneno ambayo mawakili hutumia, tujue tunatafsiri nini. Yote yana asili ya Kilatini. Mitigation linatokana na mitis, laini au pole, neno ambalo Warumi walilitumia hata kwa tunda lililoiva. Lile lingine la vitabuni, extenuate, linatokana na tenuis, chembamba: kosa linapunguzwa unene. La tatu ni palliate, na asili yake ni pallium, aina ya joho, maana yake kulifunika jambo kwa vazi. Hata excuse na accuse zimetoka kwenye neno moja, causa, kesi au sababu: moja linamtoa mtu ndani yake, jingine linamwingiza.

Sikutarajia lile la joho litufae, lakini ndilo lililotuelekeza. Jina la Kiingereza la tiba shufaa, palliative care, ambayo Nairobi Hospice imekuwa ikiwapa wagonjwa tangu 1990, linatokana na joho hilo hilo. Huduma ni moja. Kilatini kiliyafunika maumivu; aliyeiita tiba shufaa kwa Kiswahili alimwekea mgonjwa mwenzake. Kwa korti tofauti hii ni kubwa. Ukurasa unaomfundisha mtu kulifunika kosa lake unamfundisha visingizio, na hakimu amevizoea. Ukurasa unaomwambia kosa lako liache lilivyo, ila usisimame peke yako nalo, huo naweza kuutia jina langu.

"Kuhafifisha" lilikufa siku hiyo bila mjadala mrefu. Asili yake ni khafif, chepesi kwa Kiarabu, na pale mwanzoni lilikuwa zuri: kumpunguzia mtu mzigo. Katika Kiswahili cha leo kitu hafifu ni kitu dhaifu, kisicho na thamani. Anayehafifisha wizi mbele ya aliyeibiwa anamwongezea machungu.

Aprili 26: Kwa nini hatua hii si mapambo

Dada alisisitiza tueleze kwa nini mtu ajisumbue kusema chochote. Wengi wanaamini hakimu ameshaamua kila kitu.

Tumetumia kesi ya Muruatetu. Kwa miaka mingi aliyepatikana na hatia ya mauaji alipewa adhabu moja tu chini ya sehemu ya 204 ya Kanuni ya Adhabu, yaani kifo. Hata jaji angesikiliza maelezo ya mtu, hayakuwa na pa kuingia, kwa sababu hakukuwa na adhabu ya pili ya kuchagua. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji hivyo kunakwenda kinyume na Katiba. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kilichofutwa ni ulazima wake. Mahakama ikataja mambo ya kuzingatiwa: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, tabia na rekodi yake, kama alitenda akijibu dhuluma za kijinsia, majuto yake, na uwezekano wa kurekebika na kurudi katika jamii. Julai 6, 2021 mahakama hiyo ilifafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee, na tumeliandika hilo wazi, kwa sababu wapo wanaotembea na matumaini ambayo kesi hiyo haikuyatoa.

Orodha hiyo ndiyo uti wa mgongo wa ukurasa wetu. Wakili aliyejitolea kutupitia alibadilisha maneno machache na kutuonya tusiandike popote kwamba adhabu "itapungua". Tumeandika "inaweza kupungua" kila mahali.

Mei 10: Maneno yaliyobaki

Kichwa sasa ni "Maneno ya kupunguziwa adhabu". Ni kirefu na hakina utamu, lakini kila aliyekisoma alikielewa. Chini yake tumeacha kabisa kutafuta kitenzi kimoja cha kumwamuru mtu. Badala yake kuna swali, lilivyotoka kinywani mwa Mzee: "Uamuzi umeshatolewa. Ungependa korti ijue nini kukuhusu kabla haijachagua adhabu?"

Kwenye majaribio swali hili lilileta majibu ya aina nyingine. Yule mama wa mboga alirudi. Safari hii alisema, "Ningewaambia ana miaka kumi na tisa. Hajawahi kushikwa. Na aliyeibiwa tumeshamrudishia simu yake." Dada aliomba kulitumia jibu hilo kama mfano, mama akakubali, nasi tukabadilisha mambo madogo ili asitambulike.

Yanayofuata ni maswali mafupi ya kumkumbusha mtu: umri, familia inayomtegemea, kazi, afya, kama alikiri mapema, muda aliokaa rumande, alichofanya kurekebisha madhara. Tumeongeza kwamba korti inaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni, na kwamba afisa huyo akija nyumbani aambiwe ukweli. Methali zimeingia mbili, kwa ombi la mwalimu. "Kosa moja haliachi mke" iko kando ya mstari wa kosa la kwanza, na "Muungwana akivuliwa nguo huchutama" kando ya ule wa kukiri na kujuta. Wazee waliotusomea waliitikia methali hizo kabla hawajamaliza mstari.

Shufaa limepata ukurasa wake, unaofuata, wenye kichwa "Watakaosimama nawe". Humo tumeeleza barua za mwajiri, chifu, mchungaji au imamu, na jinsi ya kuziomba mapema. Kwa sababu ukurasa wenyewe unaeleza kazi ya mwombezi, neno linaeleweka hata kwa asiyelijua. Tumeweka pia mistari miwili ya maelezo ya ustadh kuhusu shufwa na witri, naye ameyapitia na kuyaridhia.

Mei 31: Chapa ya kwanza imeharibika

Tulipeleka nakala 60 kwa mchapaji mmoja wa River Road, shilingi 24 kila moja. Zilirudi kurasa zikiwa zimepangwa vibaya, ukurasa wa shufaa ukiwa mbele ya ule wa kupunguziwa adhabu, na pambizo zimekatwa hadi herufi za mwisho za mistari zikaliwa. Katika mstari mmoja "inaweza kupungua" lilibaki "inaweza kupu". Pesa hazikurudi, kwa kuwa faili tuliyopeleka haikuonyesha mpangilio wa kukunja.

Dawa yake ni rahisi. Kunja karatasi 4 za A4 katikati, zibane, andika nambari 1 hadi 16 kwa kalamu, kisha zifungue. Utaona ukurasa wa 1 umekaa na wa 16, wa 2 na wa 15. Mpelekee mchapaji kijitabu hicho cha mfano pamoja na faili, na uombe nakala moja ya kukagua kabla hajawasha mashine. Pambizo acha sentimita 1.5 kila upande.

Juni 14: Hesabu na yanayobaki

Chapa ya pili imetoka safi: nakala 200 zenye jalada la manila, shilingi 30 kila moja, jumla 6,000. Ukijumlisha na 1,440 za chapa iliyoharibika, 860 za karatasi na nakala za majaribio, na 3,200 za nauli na chai ya wasomaji, mradi umekula shilingi 11,500. Nauli na chai usizipunguze. Bila wasomaji wale tungekuwa tumechapisha "jitetee".

Dada ameanza kuzigawa nje ya korti, na nyingine ziko maktabani. Ameshatuletea ombi la kwanza. Familia nyingi zinaupasua ukurasa wa "Watakaosimama nawe" ili kumpelekea chifu au mwajiri, na ukipasuka unaondoka na nusu ya karatasi ya upande wa pili. Toleo lijalo tutauhamishia kwenye karatasi ya katikati, kurasa za 7 hadi 10, ili mtu akifungua pini achomoe karatasi nzima na kijitabu kibaki kimesimama. Kurasa za dhamana zitasogea mbele, na yaliyomo inabidi yaandikwe upya.